Mwanangu, usitoe hiyo arbuni

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani sote hatujambo, nyanyako anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku nimeusikiliza mara tatu. Umesema umepata gari, Toyota Probox ya 2017, kwenye yadi moja huko Mombasa, bei shilingi 850,000, mita inasoma kilomita 68,000, na dalali anataka arbuni ya 100,000 kabla ya Ijumaa kwa kuwa kuna mteja mwingine analitaka gari. Ukaniuliza, "Mama, nitoe?"

Usitoe. Na ili ujue kwa nini nasema hivyo, itabidi nikwambie jambo ambalo mimi na babako tulikuficha.

Unakumbuka mwaka 2011, ukiwa kidato cha pili, ulivyorudishwa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo? Tulikwambia ni upepo wa kusi, bahari imechafuka na samaki hawapatikani. Haikuwa kusi. Tulikuwa tumenunua pikapu. Nilichoka kukodi gari la watu kutoa samaki Ngomeni kuleta sokoni Malindi, na faida yote ikiishia kwa mwenye gari. Muuzaji alikuwa mtu mpole, hakosi neno la dini mdomoni, akatukaribisha kahawa na halua kama wageni wake. Logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, alituonyesha nakala. Ya asli, alisema, iko kwa wakili, itatoka baada ya wiki mbili. Tukamlipa zote. Ndani ya pesa hizo mlikuwamo bangili zangu nne za dhahabu, zile nilizovishwa siku ya harusi.

Gari lilitutumikia miezi minne. Asubuhi moja tumeshapakia barafu na samaki changu, wakaja wanaume wanne na karatasi. Yule mwenye jina kwenye logbuku alikuwa amelikopea gari, hakulipa, na logbuku ya asli ilikuwa kwa mkopeshaji muda wote ule. Walitungoja tushushe samaki chini, kisha wakaenda nalo. Tulipomfuata muuzaji, ofisi ilikuwa imefungwa na simu haipatikani. Polisi wakatuuliza swali moja tu: gari liko kwa jina la nani? Sheria ya barabarani yasema aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na sisi hatukuwa na hata karatasi moja yenye jina letu. Babako alikaa barazani mpaka magharibi, chakula hakugusa.

Lakini kinachoniuma mpaka leo si pesa. Tungeweza kuuliza KRA, mamlaka ya ushuru, maana siku zile magari yalisajiliwa huko. Hatukuuliza kwa sababu tuliona haya. Mtu amekupa kahawa yake, vipi umwonyeshe kuwa unamshuku? Sasa nikikusikia ukisema huyu dalali ni "mtu poa sana, ananiita ndugu," moyo wanipiga. Yeye ajua kuwa sisi tumelelewa tusimkatalie mtu usoni, na huko ndiko anakopita. Yule mteja mwingine wa Ijumaa nami nilimsikia mwaka 2011. Alikuwa atoka Kilifi, na hatukumwona.

Kwa hivyo anza na karatasi kabla hujautazama huo urembo wa rangi. Ingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani inayosajili magari sasa, uombe rekodi za gari kwa nambari ya usajili. Ada yake ni ndogo. Utaona limesajiliwa kwa nani, nambari ya chesi, yaani fremu ya gari, na ya injini. Ukikuta jina la benki au la mkopeshaji limekaa pamoja na jina la mwenye gari, basi lina deni, hata uambiwe limelipwa jana. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuna pia rejista ya mali zinazohamishika zilizowekwa rehani. Tazama na huko. Kisha nenda ukaisome nambari ya chesi kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi. Ikiwa imekwanguliwa, au pamechomelewa pembeni yake, usiulize maelezo, rudi nyumbani.

Na uhamisho wa jina usiwe wa "baadaye." Muuzaji auanzishe kwenye akaunti yake, wewe ukubali kwenye yako, mkiwa mmekaa pamoja. Sheria hairuhusu gari lililouzwa kuendeshwa zaidi ya siku 14 bila kusajiliwa kwa mwenyewe mpya. Mkataba nao usome wote. Wengine huandika chini kabisa kuwa gari limeuzwa kama lilivyo, ukishatia sahihi ukirudi na malalamiko wanakuonyesha mstari huo.

Kuhusu gari lenyewe nimezungumza na ami yako, naye miaka yote hii mikono yake i ndani ya injini za watu. Amecheka aliposikia hizo kilomita 68,000, kwake ni chache mno. Probox huko Japan ni gari la kazi, la kampuni, na hapa Kenya wajua lishughulishwavyo. Mita hurudishwa nyuma kwa kompyuta dakika chache. Anasema usiangalie mita, angalia mpira wa pedali ya breki, usukani uliong'aa kwa mikono, kiti cha dereva kilichobonyea. Hivyo havirudishwi nyuma kirahisi. Kama dalali anadai limetoka Japan karibuni, mwambie akupe karatasi ya mnada, ambamo kilomita huandikwa.

Akasema pia ufike injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa kukungoja, huenda kuna wanachoficha. Moshi wa buluu maana yake injini yala oili, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ukifungua swichi, taa ya mifuko ya hewa (airbag) lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa makusudi. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi ya chuma: isiponata, huenda hapo chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kuziba mabonyeo, na penye pati huenda gari liligongwa.

Mimi naongeza langu, la mtu wa pwani. Lala chini ulitazame tumboni. Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni juu laweza kung'aa kama kioo, na chini ukaichokoa chesi kwa bisibisi ikamomonyoka. Mafuriko nayo usiyasahau. Masika ya 2024 magari yalizama Nairobi, na gari lililozama huoshwa, hupigwa manukato, huuzwa mbali na lilikozamia. Inua mazulia, unuse, utazame reli za viti kama zina tope au kutu.

Nitumie nambari ya usajili leo hii, tutafute pamoja kwenye simu. Ami yako hana kazi Jumanne. Atatoka Malindi na basi la alfajiri, mkutane hapo yadini. Nauli yake nitampa mimi. Dalali akikataa fundi wako asilifungue boneti, mshukuru kwa heshima, mwondoke. Hizo 100,000 zibaki benki hata gari likichukuliwa Ijumaa.

Na mwanangu, babako usimtajie habari ya pikapu. Ameibeba miaka mingi akidhani wewe hujui, na ningependa nimwambie mwenyewe kuwa nimekueleza, jioni moja akiwa amepumzika.

Mamako