Tuchomelee ncha za kivuko ili kisicheze?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya kivuko cha waenda kwa miguu hapa Chamwino. Tunajenga cha chuma, cha upinde, mita 18 juu ya korongo. Kwenye mchoro miguu ya upinde inakaa kwenye pini, na sakafu imeachiwa nafasi upande mmoja. Fundi anataka kuchomelea kila kitu kwenye nondo za zege ili kisicheze. Anasema nafasi ni za madaraja makubwa, na mbona reli za SGR hazina nafasi? Tumsikilize?

JIBU: Hapana, katibu. Kama ameshaanza kuchomelea, asimame leo.

Swali hili naletewa na kamati za vivuko, wenye maghala, hata wanaoinua matangi ya maji. Mtu akiona chuma kinasogea, anakimbilia mashine ya kuchomelea.

Basi tuanze na hayo madaraja makubwa. Daraja la Bandari ya Sydney, Australia, lililofunguliwa 1932, hupitisha magari na treni juu ya upinde wa mita 503. Ile minara ya mawe pembeni, ambayo wengi hudhani ndiyo inayolishikilia, ni urembo. Upinde umekaa kwenye pini nne, mbili kila ng'ambo. Jua likiuchoma kilele hupanda, baridi ikiingia hushuka, na tofauti hufika sentimita 18. Pini huiacha miguu igeuke kidogo, lakini haiiachi itanuke. Hapo kwenye kutanuka ndipo fundi wenu angemalizia nguvu zake: upinde husukuma kando, kwa hiyo vitako vya zege vikae kwenye ardhi ngumu, si kwenye mchanga wa korongo.

Sasa hili la "chetu ni kifupi", ambalo ndilo linalonichosha. Chuma cha mita 18 kikipata joto nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 6.5. Kwa chuma kilichopoa alfajiri ya Julai kisha kikakaa juani hadi saa nane mchana, nyuzi 30 hapa Dodoma si ajabu. Fundi ataziona milimita sita na kucheka. Lakini ukikiziba kisirefuke, msukumo wake hautegemei urefu hata kidogo. Unategemea unene wa chuma na joto. Mihimili miwili ya sakafu yenye mkato wa jumla wa sentimita 40 za mraba itasukuma zege kwa nguvu ya karibu tani 29, iwe na mita 18 au 180. Hapo ama zege lipasuke, ama mshono uachie, ama muhimili ujikunje. Na kesho jua linachomoza tena.

Reli za SGR kweli zimechomelewa. Ila zilifungwa kwenye joto lililopigiwa hesabu, zikabanwa kwenye mataruma ya zege, na mataruma yenyewe yameshikwa na kokoto njia nzima. Kivuko chenu kina kokoto wapi?

Sisemi fundi wenu hajui kuchomelea. Huenda mshono wake ni mzuri kuliko wa wengi. Lawama yangu iko kwa kamati zinazolipia mchoro kisha zinaubadilisha kienyeji, kwa sababu kuna mtu ana grinda na sauti kubwa. Anayetaka kubadilisha chochote aandike, na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi asaini. Akikataa kusaini, mmeshapata jibu. Na hii si kwa vivuko tu: paa la ghala na fremu ya tangi hufuata hesabu hiyohiyo.

Kivuko kikishasimama, ile nafasi isafishwe mchanga kila baada ya mvua. Na asitokee mtu wa kuijaza saruji eti bodaboda zinarushwa; kwanza, bodaboda zinafanya nini kwenye kivuko cha waenda kwa miguu?