Usilipie hiyo seti ya patasi nane

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba kesho unakwenda kulipia seti ya patasi nane za kukerezea mbao, muuzaji kakuhakikishia zinatoka kiwandani na makali yake, na unauliza ununue mashine gani ya kukerezea, uanze na mti gani, na kama kunoa unaweza kujifunza baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonitafuna mimi.

Nami niliuziwa seti ya nane. Laki mbili na themanini, miaka sita iliyopita, hapa Moshi. Muuzaji akaapa kuwa ni HSS tupu, yaani chuma kisichopoteza ugumu upesi kikipata joto, na kwamba makali yakipungua "unapitisha kidogo tu kwenye jiwe". Kidogo tu! Mashine yangu ya kunolea ilikuwa ile ya kawaida ya mezani, inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na jiwe lake la kijivu. Nikashika patasi mkononi bila egemeo, kile kibao cha kuilaza patasi mbele ya jiwe, nikakandamiza. Sekunde chache, ncha ikawa bluu. Nikadhani ni rangi tu. Makali yakadumu dakika mbili, nikarudi kwenye jiwe, bluu tena.

Chuma cha kawaida cha kaboni kikifika bluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu umeondoka. Sehemu yote ya bluu inabidi uisage uitoe. HSS halisi huvumilia joto zaidi ya hapo. Hata cheche zilikuwa zinasema: zangu ziliruka nyeupe, zikipasuka kama fataki, wakati za HSS huwa chache, nyekundu iliyofifia. Niliuziwa uongo, na bado nina hasira naye.

Miezi minne patasi ya mfereji, ile yenye ubapa uliopinda kama mfereji, ikaisha nusu. Hiyo ni pesa, sawa. Lakini kwa kuwa haikati, nilikuwa naisukuma. Siku moja ikanasa kwenye ukingo wa bakuli la mninga, bakuli likang'oka kwenye mashine, likapita karibu na sikio langu na kuvunja dirisha. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni.

Kwa hiyo nunua patasi moja ya mfereji, jiwe jeupe la kunolea ambalo halichomi haraka kama la kijivu, egemeo imara, na maka peni. Ndiyo, maka peni. Paka wino mteremko wote wa makali. Mashine ya kunolea ikiwa imezimwa, laza patasi kwenye egemeo, zungusha jiwe kwa mkono, kisha tazama wino umefutika wapi. Umefutika kisiginoni tu, yaani nyuma ya mteremko, mbali na makali? Jiwe halifiki kwenye makali, rekebisha egemeo. Nchani tu? Unayafanya makali yawe butu zaidi. Ukifutika kuanzia kisigino hadi ncha, hapo ndipo unawasha, na unagusa kwa wepesi huku unaviringisha mpini. Kama ni chuma cha kaboni, chovya kwenye maji kila mara kabla hakijachoma vidole.

Kila unaponoa, wino kwanza. Hata ukiwa na haraka, hata mteja akiwa amesimama pembeni.

Ukikereza mti mbichi, patasi kali hutoa maranda marefu yanayojikunja. Ukiona unatoka unga, zima mashine ya kukerezea urudi kwenye jiwe.

Kesho usilipe. Kama advansi umeshatoa, idai. Na patasi yako ya kwanza ipige picha ikiwa na wino, uiweke hapa kabla hujawasha chochote. Nitaiangalia.