Rav4, X-Trail au Forester? Zipandishe zote kilima cha kwenu

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimejichanga nataka nitoke kwenye Ist nichukue gari ya juu, naishi Goba ndani ndani huko lami hatuijui, watoto watatu, na kila Desemba lazima Moshi kwa wazee. Nimebaki na tatu, Rav4 ile watu wanayoiita Miss Tanzania, X-Trail ya 2010 na Forester ya 2009. Kila ninayemuuliza anasifia ya kwake. Yadi moja wameniendesha na Rav4 dakika tano kwenye lami wakaniambia si umeona ilivyo nyepesi. Nichukue ipi? *Baba Watatu, Goba*

JIBU: Dakika tano za lami hata Ist yako ingefaulu kaka. Ongea na wauzaji wote watatu mpange siku moja, gari zote zipite njia ile ile, yaani kipande cha lami, halafu barabara ya kwenu yenye mashimo, halafu kile kilima ambacho mvua ikinyesha mnaacha gari chini mnapanda kwa miguu. Ukitesti moja leo na nyingine wiki ijayo utakuwa unalinganisha kumbukumbu tu. Na usiende peke yako, mama watoto aje na watoto wote wakae nyuma, gari inayopanda vizuri na dereva peke yake inaweza kukuaibisha ikijaa, na mtoto wa katikati akianza kulalamika magoti hapo hapo Goba basi Korogwe mtafika mmenuniana.

Kabla hujawasha soma namba ya chesisi, hapa watu wanapigwa sana. Rav4 ikianza na ACA31 hiyo ni 4WD, yaani inavuta tairi zote nne, ikiwa ACA36 inavuta tairi za mbele tu. X-Trail ya cc 2000 ikiandikwa NT31 ni 4WD, T31 peke yake sio. Kwa macho zinafanana na muuzaji hatakuambia. Forester yako itakuwa SH5, hizo zote zinavuta nne.

Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Gusa boneti, kama ni ya moto rudi siku nyingine, kwa sababu injini ikiwa ya baridi ndio inasema ukweli, moshi wa bluu, mlio wa cheni, yote yanatoka pale mwanzo. Ukiweka swichi ON kabla ya kuwasha, taa ya cheki injini lazima iwake kwanza, isipowaka kabisa ujue kuna mtu kaizima makusudi.

Sasa gia. Watu wanaogopa CVT ya X-Trail, yaani gia otomatiki isiyo na hatua za gia, ni sawa, ila hawakuambii kwamba Rav4 hiyo ya 2.4 iliyotoka Japan nayo ni CVT. Kwa hiyo zote mbili zipe mtihani mmoja, simama katikati ya kilima, achia breki, kanyaga mafuta taratibu. Ikitetemeka, au mshale wa RPM (mzunguko wa injini) unapanda na gari haisogei, achana nayo. Jaribu na rivasi pia. Halafu zungukeni kama nusu saa AC ikiwa imewashwa, mrudi kilima kile kile mrudie, maana CVT iliyochoka mara nyingi inajificha mpaka oili yake ipate moto. Forester ya 2009 ina gia za kawaida nne, kwenye lami ya Moshi utaisikia injini inalalamika ukitaka kuovateki lakini kwa fundi wa mtaani ni rahisi zaidi kuielewa.

Kila moja ina ugonjwa wake. Injini ya Rav4 hiyo, 2AZ, inajulikana kwa kula oili hasa za 2006 mpaka 2009, vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mwenyewe, iwe chini ya kiwango halafu muuzaji aseme alisahau kuongeza, hapo umeshapata jibu. Forester angalia tairi zote nne, ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawa, mtu aliyechanganya tairi anaua mfumo wa 4WD taratibu, kata kona ukiwa umemaliza usukani wote polepole, ukihisi inajikaba kama umeshika breki usiendelee na mazungumzo. Pia ya 2009 inatumia taiming belti, mkanda wa injini unaobadilishwa kwa muda wake, uliza ilibadilishwa lini, asipojua weka hiyo gharama kwenye bei (cheni zilianza kuja mwishoni mwa 2010).

Na kitu kidogo ambacho utakichukia kila siku, mlango wa nyuma wa Rav4 unafunguka kwa pembeni, ukipaki karibu na ukuta mizigo haitoki.

Kwa Goba na Moshi mimi ningechukua Forester, kwa sharti uwe na fundi anayezijua kweli, sio anayejifunzia kwako. Kama huna, Rav4 ya ACA31 isiyokula oili, spea Kariakoo ziko za kumwaga. X-Trail ni ya raha kukaa, ila iwe imefaulu kilima mara zote mbili.

SWALI: Dalali anakataa nisiendeshe, anasema aendeshe yeye mimi nikae pembeni. Ni sawa? *Dada wa Ilemela*

JIBU: Aendeshe nusu ya kwanza, usikilize shokapu na bushi vizuri, abiria husikia kuliko dereva. Nusu ya pili ni yako. Hofu yake inaweza kuwa ya kweli, muulize bima ni ya aina gani na muonyeshe leseni. Akikataa bado, tafuta gari nyingine dada yangu, hata kama hiyo rangi umeipenda.

SWALI: Mazda CX-5 dizeli nimeitesti mara mbili haina shida yoyote, nguvu ya ajabu. Natumia Nyali kwenda mjini na kurudi tu. Nilipe? *Mombasa*

JIBU: Hiyo shida yako kutesti hakuionyeshi ndugu. Dizeli hiyo ya 2.2 ina DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio linajisafisha gari ikikimbia muda mrefu ikiwa ya moto, sasa wewe na foleni ya daraja la Nyali litajisafisha saa ngapi? Mtu wa kwenda Nairobi kila wiki ningemwambia alipe leo. Wewe tafuta CX-5 hiyo hiyo ya petroli uiendeshe, nguvu itapungua utaiona, ila kwa safari zako hutaihitaji. Ukiing'ang'ania dizeli, fundi achomeke skana asome kiwango cha masizi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika gari.