Swali: nina siku tano za kufundisha wakaguzi wa uvuvi sheria za kimataifa, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa idara ya uvuvi. Kapewa kazi ya kuandaa mafunzo ya siku tano kwa wakaguzi 18, wa bandarini na wa boti za doria, wengi wamesomea mambo ya samaki, wachache wametoka jeshini, mwanasheria hakuna hata mmoja. Anasema kozi iliyopita ilikuwa kusomewa mikataba asubuhi mpaka jioni na watu walisinzia. Anauliza aanze na sheria ipi, na je, wasio wanasheria wataelewa?

Dada, wataelewa vizuri tu, ila mikataba isiwe ya kwanza kuingia darasani, anza na jalada la kesi iliyoshindwa. Nimefundisha kozi hizi miaka kadhaa na kilichonibadilisha ni ripoti moja tu ya ukaguzi niliyoishika mkononi, mkaguzi kafanya kazi ya maana kweli, kapiga picha nyavu, kapima matundu, kahesabu samaki, halafu pale pa kuandika mahali meli ilipokamatwa kaandika "ndani ya maji yetu", basi, hakuna latitudo, hakuna longitudo, hakuna saa. Wakili wa mwenye meli hakuhangaika na samaki wala nyavu, aliuliza tu, maji yenu yapi? Kesi ikafia hapo hapo, na mimi iliniuma sana maana yule kijana alikuwa amekesha kwenye ile meli.

Na swali la yule wakili ndo moyo wa sheria yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaigawa bahari kwa umbali kutoka mstari wa msingi wa pwani: mpaka maili 12 za baharini ni bahari ya nchi yako, mamlaka ni yako, kutoka hapo mpaka maili 200 ni ukanda wa kiuchumi, hapo kwenye mambo ya samaki unaruhusiwa kupanda meli, kukagua, kukamata na kushtaki, lakini kifungu cha 73 kinakubana, ukikamata meli ya kigeni lazima uijulishe haraka nchi ya bendera, yaani nchi meli ilikosajiliwa, meli na mabaharia waachiwe haraka ikiwekwa dhamana inayofaa, na huwezi kumfunga mtu jela kwa kosa la uvuvi la humo kama nchi husika hazijakubaliana hivyo. Ukivuka 200 ni bahari kuu, mwenye neno kubwa ni nchi ya bendera. Kwa hiyo meli ile ile, wavu ule ule, ikisogea maili chache tu adhabu inabadilika. Siku ya kwanza weka chati kubwa mezani, kila mtu penseli na rula, wape nukta kumi za mahali, waiweke meli kwenye chati halafu waseme pale mkaguzi anaruhusiwa kufanya nini. Asubuhi nzima iishie hapo, usiione kama imepotea.

Mchana wape kesi ya Saiga, hawatasinzia. Ilikuwa meli ya mafuta, Oktoba 1997 iliziuzia mafuta meli za uvuvi ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Guinea, kesho yake boti za Guinea zikaikamata ikiwa tayari kusini nje ya ukanda ule. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg ikasema masharti ya kifungu cha 111 cha mkataba ule ule, cha kufukuza meli mpaka nje ya maji yako, lazima yatimie yote kwa pamoja, na hapa hakukuwa na ishara ya kusimama iliyotolewa kwa umbali wa kuonekana au kusikika, kufukuza kwenyewe kulikatika njiani, na nguvu iliyotumika ilipita kiasi. Guinea ikaamriwa kulipa dola za Marekani 2,123,357. Watu wa boti za doria hiyo namba ikishawaingia hawaisahau, na ndo wakati mzuri wa kuwaambia: saa uliyopiga king'ora, umbali mliokuwa nao, kila kitu kiandikwe pale pale.

Siku ya pili na ya tatu ni bandarini, na hapa una msaada ambao watu wengi hawaujui. Ule mkataba wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa hatua za nchi ya bandari za kuzuia uvuvi haramu, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika Juni 2016, una kiambatisho E kinachotaja mambo ya kumfundisha mkaguzi. La kwanza kabisa kwenye orodha ni maadili. Usiliruke, lipe muda, mkaguzi anayepandishwa meli ya watu na kukaribishwa kahawa na bahasha anahitaji awe ameshaamua kabla hajapanda ngazi.

Zoezi ninalolipenda ni la namba ya IMO, shirika la kimataifa la bahari, ile ya tarakimu saba inayobaki na meli hata ikibadilisha jina, bendera au mwenyewe. Chukua 9074729, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, shuka hivyo hivyo mpaka ya sita kwa 2, unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, inaishia na 9 na namba yenyewe inaishia na 9, imekubali. Ikikataa, mtu kaibuni au kakosea kuiandika. Ikikubali bado haujathibitisha kwamba ni ya meli hii, kwa hiyo linganisha na rekodi na picha za zamani, halafu nenda kwenye tezi, nyuma ya meli, upitishe kiganja juu ya rangi mpya, mara nyingi herufi za jina la zamani zilizochomelewa bado unazihisi chini.

Hesabu ya uzito nayo usiiache. Kwenye friza samaki wameshatolewa vichwa na utumbo, kitabu cha uvuvi kinadai uzito wa samaki mzima, ukikuta tani 10 na kigezo cha kugeuza ni 1.3 basi nahodha alitakiwa kuripoti tani 13. Wafanye kwa mikono kwanza. VMS, mfumo wa kufuatilia meli kwa setilaiti, inatosha nusu siku, cha muhimu wajue kusoma mwendo, meli ya nyavu ikishuka mwendo ghafla na kwenda taratibu kwa masaa unauliza ilikuwa inafanya nini.

Makubaliano ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, ya ruzuku za uvuvi waachie watu wa sera, kwa siku tano hayana nafasi.

Siku ya nne kila mmoja aandike ripoti ya meli aliyoipanda, usiku usizisahihishe. Siku ya tano mlete mwendesha mashtaka halisi, mwombe sasa hivi kabla ratiba yake haijajaa, azisome hizo ripoti kama wakili wa mwenye meli na awaulize mbele ya wenzao, yapi maji yenu, saa ngapi, nani alifunga sampuli, nani alikuwa na ufunguo.