Shangazi, nampenda mume wangu lakini namwogopa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia kesho yake, kwa sababu haikuwa barua ya kujibiwa kwa haraka. Kwa faida ya wasomaji naieleza kwa ufupi. Unaishi Ujiji, Kigoma, una miaka saba ya ndoa na binti wa miaka minne, na mumeo hununua dagaa mwaloni Kibirizi, huwaanika na kuwasafirisha. Mwaka juzi alikaa karibu wiki mbili bila usingizi wa maana, akiongea bila kituo. Akauza injini ya boti aliyochangia na kaka yake, akachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili ajenge hoteli, na ulipomnyima namba ya siri ya simu yako akarusha sufuria ukutani, mtoto akiwa amekaa pembeni. Baadaye akazimika kabisa: miezi mitatu ndani, haogi, hataki kuonana na mtu. Katika Hospitali ya Maweni mkaelezwa kwamba ana ugonjwa wa akili uitwao baipola, akaanzishiwa dawa, na leo ni yule yule uliyempenda. Lakini wewe hulali. Kitanda kikilia usiku unafumbua macho kabla yeye hajashusha miguu, na akienda kuoga unahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Unauliza kama mke anayemwogopa mumewe bado anampenda, kama una ruhusa ya kuondoka, na kama mnaweza kupata mtoto wa pili.

Unampenda, mwanangu. Asiyempenda mtu hahesabu vidonge vyake. Ila naona katika barua yako hofu mbili zimefungwa kwenye kifurushi kimoja, na ni lazima tuzitenganishe, kwa sababu kila moja ina dawa yake. Unaogopa ugonjwa utarudi, na unaogopa ule mkono uliorusha sufuria.

Kuhusu ugonjwa, ni kweli kwamba unaweza kurudi, na sitakudanganya. Baipola huja kwa vipindi. Kuna kipindi cha kupanda, ambacho madaktari hukitambua kikidumu kwa wiki moja au zaidi, mtu akiwa na nguvu zisizoisha na mipango isiyo na mwisho. Na kuna kipindi cha kushuka, ambacho huchukua wiki mbili na mara nyingi miezi. Katikati ya vipindi hivyo mtu huweza kuwa mzima kabisa, akafanya kazi yake na kulea watoto wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu. Kwa hiyo mumeo hakuchezewa na mtu, na wala hukumletea wewe kwa mdomo wako, kama ulivyoambiwa na wifi zako.

Jambo ambalo sikuliona popote katika barua yako, nami naliona kubwa, ni kazi yake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa gizani, na anayetaka mzigo mzuri anatakiwa awe mwaloni kabla ya mapambazuko. Maana yake ni kwamba kwa wiki kadhaa za kila mwezi mumeo anaamka saa tisa za usiku, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana zaidi kwa kuamsha kipindi cha kupanda. Ndiyo maana na wewe unachanganyikiwa: hujui kama leo ameamshwa na biashara au na ugonjwa. Usiitazame saa aliyoamka. Mtazame mchana. Mtu aliyeamshwa na kazi atachoka, atasinzia baada ya chakula. Anayepanda amelala kwa muda wa saa tatu tu na hana hata dalili ya uchovu, tena anataka kupaka nyumba rangi. Kama kaka yake anaweza kushika manunuzi ya alfajiri, naye akabaki na uanikaji na usafirishaji wa mchana, mtakuwa mmemsaidia kuliko mnavyodhani. Ramadhani nayo izungumzeni na daktari mapema, kwa sababu daku hukata usingizi na saa za dawa hubadilika. Na mgonjwa, kama mnavyojua, Qurani yenyewe imempa nafasi ya kulipa siku nyingine.

Sasa kuhusu kuhesabu vidonge kwa siri: naomba uache. Siku atakapokukuta, atajiona mfungwa katika nyumba yake, na kwa mgonjwa aliyefedheheka mara moja hadharani hilo ni jeraha juu ya jeraha. Badala yake mwambie. Chagua jioni ambayo mmekula, mtoto amelala, hakuna ugomvi wala deni mezani, umwambie hivi: "Mume wangu, mwaka juzi niliogopa sana, na bado naogopa. Sikulaumu. Nataka tupange wewe ukiwa mzima, ili siku ukiumwa nisiwe naamua peke yangu." Kisha umwache yeye aseme kwanza. Nimewasikiliza wenza wengi wa watu wenye ugonjwa huu, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe anaijua dalili yake ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mmoja atasema ni kuanza kuwapigia simu watu aliosoma nao zamani, mwingine kununua vitu kwa mkopo. Ziandikeni kwenye daftari kwa mwandiko wake, si wako. Mwandike pia nani ataitwa, na nashauri awe kaka yake pamoja na mtu mmoja ambaye mumeo anamheshimu, si mtaa mzima. Mwandike kwamba dalili mbili zikionekana mnakwenda kliniki siku hiyo hiyo, na kwamba fedha zote zinazozidi mtaji wa wiki zinahitaji idhini ya watu wawili. Dawa ziwekwe mahali pa wazi, azimeze mwenyewe, nawe uwe na ruhusa aliyokupa kwa hiari yake ya kuuliza mara moja kwa siku. Asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Wengi wameangukia hapo hapo, kwa kuwa kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa yenyewe.

Nije kwenye sufuria. Umeandika kwamba "si yeye, ni ugonjwa," ukapita haraka kama mtu anayevuka barabara. Mimi sipiti. Watu wengi wenye baipola hawampigi mtu maishani mwao, na inawezekana kabisa kwamba mumeo mzima asingerusha kitu. Lakini ukuta ule ulikuwa karibu na kichwa cha mtoto. Ugonjwa unaeleza kwa nini ilitokea. Haukupunguzii haki ya kuwa salama. Kwa hiyo katika daftari lile lile iandikwe kwamba akipandisha sauti na kurusha kitu, wewe na binti mnatoka, usiku au mchana, bila kubishana naye, mnakwenda kwa mama yako kule Mwanga, na kaka yake anaitwa. Mwambie hilo leo akiwa mtulivu, ili siku hiyo asilione kama kutorokwa. Kama akikataa katakata kutibiwa na hali imekuwa ya hatari, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inawapa ndugu nafasi ya kuomba apelekwe kutibiwa. Asifungwe kamba, wala asipigwe ili "atulie."

Hapo nimejibu pia swali la kuondoka. Kutoka nyumbani kwa usiku tatu si kuvunja ndoa. Lakini kama ataikataa dawa akiwa mzima, ataukataa mpango, na mkono ule utarudi, basi kuondoka kabisa ni halali yako, na usikubali mtu akuambie kwamba mke mwema hufia ndani.

Kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau kwa sababu haina kelele. Ile miezi mitatu ya kushuka ndiyo iliyonitia hofu mimi kuliko hoteli na injini. Akirudi huko, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, au akianza kuaga na kugawa vitu vyake, usimwache peke yake hata dakika, ondoa sumu za panya na kamba, umpeleke hospitali na ndugu.

Mama mkwe wako anataka apelekwe kwa mganga. Usishindane naye, mwombe dua zake, na ushike jambo moja tu bila kuyumba, kwamba yeyote anayesema vidonge viachwe hamtamsikiliza.

Mtoto wa pili sasa. Ugonjwa huu hutembea katika familia, lakini mzazi mmoja akiwa nao, watoto walio wengi, takriban tisa kati ya kumi, hawaupati. Hilo peke yake lisikuzuie. Siku ya kufuata dawa nendeni wawili, mumwambie daktari kwamba mnatafuta mimba ili aipitie dawa anayotumia mumeo mapema, kwa kuwa baadhi yake huhitaji tahadhari hata kwa baba. Na kwa kuwa mtoto mchanga hukatisha usingizi wa nyumba nzima, pangeni kabla ya mimba nani atakesha naye: kama mama yako anaweza kuhamia kwenu kwa miezi ya mwanzo, mumeo alale chumba kingine usiku kucha, na mumweleze mama sababu.