Nitaukingaje mkojo wa paka anayejisaidia mchangani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka jike anaitwa Tunu, ana miaka 11. Tangu mwezi uliopita anakunywa maji kupita kiasi, mpaka anaifuata ndoo ya bafuni, na anazidi kukonda ingawa dagaa wake anawamaliza. Daktari wa mifugo amesema nimpelekee mkojo. Shida ni kwamba Tunu hujisaidia nje, kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Mume wangu anasema tuzoe mchanga uliolowa tuukamue kwenye kitambaa. Itafaa? Na je, naweza kuupima kwenye maabara ya zahanati iliyo karibu na kwangu? – Msomaji, Gungu, Kigoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchanga msiukamue. Mkojo ukishapita mchangani unabeba vumbi, chumvi na vijidudu vya ardhini, pamoja na mabaki ya kila paka aliyepita hapo. Mpimaji akiona seli au fuwele kwenye hadubini hataweza kusema zimetoka kwa Tunu au kwenye lile rundo.

Daktari wako ameomba kitu cha maana sana. Paka wa umri huo akinywa mno huku anakonda, tunafikiria kwanza figo, kisukari, au tezi ya shingoni iliyozidisha kazi. Tezi huonekana kwenye damu. Figo na kisukari, mkojo unatuambia mengi. Paka ni mnyama wa asili ya nchi kame, na figo zake zikiwa nzima hubana maji hadi uzito wa mkojo, ukilinganishwa na maji, unapita 1.035. Uwezo huo hupotea wakati karibu theluthi mbili za kazi ya figo zimeshapotea, na mkojo hubaki mwepesi kama maji. Kwa hiyo mkojo mmoja uliokingwa vizuri unaweza kutuonyesha njia mapema, kabla paka hajaanza kutapika na kugoma kula.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta beseni pana la plastiki na chujio la plastiki linaloingia ndani yake, kama lile la kuoshea mchele. Liwe la kazi hii tu, lisirudi jikoni. Ndani ya chujio weka kitu kisichonyonya ambacho Tunu atakipekua kwa kucha: shanga za plastiki za kusukia nywele, au mirija ya soda iliyokatwa vipande vifupi. Mchele na maharage usitumie, vinanyonya na kuacha wanga. Mkojo utapita katikati ya shanga na kutulia chini. Kama chujio huna, weka shanga chache moja kwa moja kwenye beseni, kisha inua upande mmoja kwa kipande cha ubao ili mkojo ukusanyike kwenye kona.

Vyombo vyote vioshe kwa sabuni, suuza mara nyingi, kausha. Jiki usiitumie kabisa. Mabaki yake hufanya kijiti cha kupimia kionyeshe damu na sukari ambazo hazipo, na hapo tutaanza kumtibu Tunu kisukari asichokuwa nacho. Chupa ya asali au ya juisi nayo ina hatari hiyohiyo, hata ukiiosha. Nunua kikopo cha mkojo duka la dawa, na bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, la kuvutia mkojo kutoka kwenye beseni.

Jioni mlishe, umfungie kwenye chumba kimoja na beseni lake, na bakuli la maji lijae. Nakusihi, usimpunguzie maji kwa kutaka mkojo uwe mzito. Paka mwenye ugonjwa wa figo akikosa maji usiku mmoja anaweza kuzidiwa. Usimkamue tumbo pia, kibofu huumia. Zulia na nguo chafu ziondoe sakafuni, maana atazipenda kuliko shanga. Wapo paka wanaokataa beseni siku ya kwanza, usimgombeze. Na kama ni mpole, unaweza kumvizia anapochuchumaa umpitishie nyuma upawa wa plastiki wenye mpini mrefu. Kwa majike watulivu njia hii inafanya kazi vizuri sana.

Mkojo wa asubuhi ndio bora, kwa kuwa ni mzito kuliko wa mchana. Mililita 5 zinatosha, na hata 2 zina kazi. Ukichanganyika na kinyesi, mwaga uanze upya. Vaa glavu, na kama mama mjamzito yumo nyumbani, kinyesi cha paka asikiguse yeye.

Hapa ndipo watu wengi wanapoupoteza mkojo mzuri, yaani njiani. Joto la Kigoma linauharibu haraka. Bakteria huzaliana na kula sukari iliyomo, seli hupasuka, uasidi hubadilika. Ufike maabara ndani ya nusu saa. Ikishindikana, uweke kwenye friji (usiugandishe) na uufikishe ndani ya saa 6. Umeme ukikatika, kikopo kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko safi, kwenye chombo chenye barafu, kitavumilia. Andika saa uliyoukinga, na useme kama ulikaa kwenye baridi, kwa sababu ubaridi wenyewe huzalisha fuwele ambazo paka hakuwa nazo. Kuutuma Tabora kwa treni usifikirie, utafika umeshakuwa kitu kingine.

Zahanati ya jirani? Ndiyo, wakikubali, ila ujue mipaka yake. Vijiti vya binadamu husoma vizuri sukari, ketoni (taka za mafuta yaliyochomwa mwilini) na damu kwenye mkojo wa paka. Kisanduku cha seli nyeupe kwenye kijiti hicho hudanganya kwa paka: huonyesha maambukizi yasiyokuwepo, na watu huanza antibayotiki bure. Kisanduku cha uzito wa mkojo nacho hakifai kwa paka, na ndicho kipimo tunachokihitaji zaidi. Uzito hupimwa kwa rifraktomita, kifaa kidogo cha kuchungulia mwangani kinachohitaji tone moja tu. Waulize kama wanayo. Kama hawana, pima sukari hapo, kisha matokeo na mkojo uliobaki mpelekee daktari wako. Akitaka kuotesha vijidudu, mkojo wa beseni hautamfaa. Atauvuta mwenyewe kwa sindano nyembamba kupitia tumboni, na paka wengi hutulia bila shida.

Mwambie pia kama dagaa hao ni wa chumvi, maana chumvi peke yake huongeza kiu. Pima maji anayokunywa kwa siku: yakizidi mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, hiyo si kiu ya kawaida.

Kwa wasomaji wenye madume: dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia na hatoi hata tone, asisubiri kikopo. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Apelekwe saa hiyohiyo.

Na wewe mwanangu, Tunu akigoma kula au akianza kutapika kabla hujafanikiwa, achana na beseni. Mpeleke yeye mwenyewe.