Muulize Mfamasia: Kidonge cha XR hakipondwi

Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana kisukari, amepewa metformin ya XR. Kidonge ni kikubwa, hakimpiti kooni, kwa hiyo nampondea kwenye uji. Kuna ubaya? (Tukuyu)

Marahaba mwanangu. Acha kuanzia leo. Herufi hizo XR, au SR kwenye pakiti nyingine, zinakwambia dawa imeshikwa ndani ya kitu kinachovimba kikilowa tumboni, kikawa ute mzito kama mlenda. Dawa hujipenyeza humo kidogo kidogo kwa saa nyingi, ndiyo maana mama humeza mara moja tu kwa siku. Ukikiponda, dozi ya kutwa nzima inamwagika kwa mkupuo. Kwa metformin atapata kichefuchefu na kuhara. Kwa nifedipine ya presha ni hatari zaidi: presha huweza kushuka ghafla, mtu akaanguka. Najua ulikuwa unamhurumia, na inaniuma kwamba aliyewapa dawa hakuwaambia. Rudini kliniki mseme kidonge hakipiti. Metformin ya kawaida inapondeka, ila humezwa mara 2 au 3 kwa siku, na daktari ndiye wa kupanga.

Baba anatumia nifedipine ya kumeza mara moja kwa siku. Ameona kidonge kizima chooni. Ameze kingine? (Mafinga)

Asimeze. Aina mojawapo ya nifedipine hutengenezwa kama pampu: ganda gumu lenye tundu dogo lililotobolewa kwa leza. Maji ya tumboni hupenya ndani, tabaka la chini likavimba na kuisukuma dawa itoke tunduni taratibu. Ganda lenyewe halimeng'enywi. Alichokiona baba ni gunzi, mahindi yalishapukuchuliwa. Hata hivyo si kila nifedipine imeundwa hivyo, kwa hiyo aje na pakiti duka la dawa iangaliwe.

Kikombe cha ulanzi jioni kina neno na dawa hizi? (Njombe)

Kwa baadhi, ndiyo. Pombe huyeyusha utando unaoishikilia dawa. Mwaka 2005 Marekani kapsuli za kutoa polepole haidromofoni, dawa kali ya maumivu, ziliondolewa sokoni kwa sababu hiyo. Mkangafu, yaani ulanzi uliochacha ukawa mkali, ni pombe kama pombe nyingine.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 nayo inatoa dawa polepole? (Uyole)

Ndiyo. Ni chembechembe zisizoyeyuka upesi, zinazokaa mahali ulipochomwa na kuachia dawa taratibu. Usipasugue.